Kibugu Yapata Ndege

Mutugi alikuwa hotelini Gakoromone, mjini Meru, akimalizia chai aliyonunuliwa na mtu mwingine, aliposikia wanaume wawili wakibishana meza ya pili. Mmoja aliapa kwamba serikali inaanzisha shirika la ndege la mikoani, litue kila mahali penye chai na kahawa. Mwenzake akasema hizo ni porojo. Mutugi hakungoja kujua nani mkweli. Alijipangusa mdomo akatoka, na kufikia anafungua mlango wa gari lake alikuwa ameshakuwa rubani.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo nyeupe, steshen wagoni, na ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Mke alikuwa ameenda zake. Chumba alichopanga mtaa wa Kaaga kilikuwa kimepigwa kufuli na mwenye nyumba. Basi Mutugi alilala ndani ya Pijo, akanyolea ndevu kwenye kioo chake cha pembeni, na walipokuwa wawili tu aliiita mpenzi.

Jumapili akatokea Kibugu, huko juu kwenye chai ya Embu ambako hakuna aliyemjua. Alivaa shati jeupe lenye mistari mabegani, la mitumba, ambalo zamani lilikuwa la mlinzi wa duka fulani Ulaya. Akawangoja watu watoke kanisani, akawapa habari njema: Kapteni Mutugi, Shirika la Ndege la Serikali, Idara ya Milima.

"Na itatua wapi, bwana Kapteni?" akauliza Mzee Nthiga, mwenye shamba kubwa kuliko wote. "Hapa hata sufuria tunaiwekea jiwe isibingirike."

"Hizi ni ndege za mlima, mzee. Zinatua zikipanda, zinaruka zikishuka. Mteremko wenyewe ndio nusu ya petroli."

"Aah!" akasema Nthiga, kana kwamba jambo hilo lilikuwa linamsumbua tangu utotoni.

Mwenyekiti wa akina mama, Igoki, alikuwa anafuma sweta bila kuinua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya upole. "Na majani chai itabebwa?"

"Asubuhi mnachuma, mama, jioni Mzungu anakunywa."

"Haya. Sasa sirkali inataka nini kwetu?"

"Moyo wenu tu! Harambee ndogo ya uwanja. Kapu la michango nitalipeleka makao makuu mimi mwenyewe."

"Basi wewe ndiye mgeni wa heshima," akasema Igoki, akaendelea kufuma.

Sasa, nani katika nchi hii hajui mzigo wa mgeni wa heshima? Anayekalia kiti chenye kitambaa ndiye anayetoa kuliko wote, na asipotoa atasemwa mpaka wajukuu wake waone haya. Mutugi alilijua hilo vizuri sana. Lakini kapu si lake? Atakachotia kwa mkono wa kulia atakizoa kwa wa kushoto, na kadiri atakavyojimwaga ndivyo wajinga hawa watakavyomfuata. Alijipenda siku hiyo, jamani, karibu ajionee wivu.

Siku ya harambee ikafika. Kwaya ikaimba, hema likajaa. Mzee Nthiga akasimama wa kwanza. "Naahidi ng'ombe dume!" Makofi. Mwalimu Njeru akaahidi mbuzi. Alice wa dukani akaahidi magunia ya viazi, na waliofuata wakaahidi kuku mpaka Mutugi akaanza kuwaza atawapakia wapi. Kila mmoja alianza na neno "naahidi", lakini masikio ya Mutugi yalikuwa mbele, kwa ng'ombe.

"Kibugu imejitoa," akasema Igoki. "Tumsikie Kapteni."

Mutugi akatia kapuni bunda la noti alilokopa Meru. Vigelegele! Igoki akainamisha kichwa kidogo. "Asante. Hiyo ni yako wewe. Na ya shirika?"

Mutugi akavua saa, akaitia kapuni. Kwaya ikampigia ngoma. Hapo Nthiga akaruka juu. "Shirika likitoa kitu kikubwa, kitu cha kuonekana, mimi naahidi lile shamba langu lote la chini!"

Shamba la chai! Kichwa cha Mutugi kikazunguka. Akauona ufunguo wa Pijo umeinuliwa juu, kumbe ni mkono wake mwenyewe umeuinua. Moyo ulimchoma, akauambia, tulia, jioni tunaenda na mpenzi nyumbani.

"Na kitabu cha gari?" akauliza Igoki kwa upole. Mutugi akakitoa, akatia sahihi ya kuitoa Pijo juu ya ngoma ya kwaya.

Igoki akafunga kwa sala. Aliwaombea wagonjwa, mvua, viongozi, hata marubani. Mutugi hakuwa mtu wa sala, lakini siku hiyo alifumba macho akashukuru kwa dhati. Alipoyafumbua, kapu halikuwepo, na Pijo ilikuwa inateremka na Mwalimu Njeru kwenye usukani.

"Mama! Kapu?"

"Limeenda zahanati. Fundi wa paa anangoja."

"Na ng'ombe? Viazi? Shamba?"

"Hizo ni ahadi, Kapteni. Si ulisikia? Sisi watu wa hapa tunajua kuahidi sana."

"Naenda polisi!"

"Twende pamoja. Utawaambia wewe ni kapteni wa nini."

Mutugi akaketi chini kwenye nyasi. "Mama, lile gari ndiyo nyumba yangu," akasema, na safari hii hakuwa anaigiza. Machozi yalimtoka.

Igoki akamhurumia. Akamletea chai na nduma, akakaa kando yake. "Kula. Unaona zile kuta za zahanati? Zilijengwa na mtu wa reli, mwaka jana. Naye alilia hapo hapo. Wewe umetupa paa, na gari ya kukimbiza akina mama Embu wakienda kujifungua. Imebaki dawa tu." Akatazama barabara. "Tunangoja mtu wa meli."

Mutugi akaacha kutafuna. Alifikiria kidogo, akapangusa macho kwa ule mkono wa shati wa kirubani.

"Namjua mmoja," akasema. "Anaitwa Mithika, yuko Meru, na kofia ya nahodha anayo. Nikimleta, Pijo yangu mtanirudishia?"

"Tunaahidi," akasema Igoki.