Mito Kumi ya Gesti

Mito kumi ya sufi, minene, imeanikwa juu ya ukuta wa gesti. Daktari wa Mito aliipita, akarudi hatua tatu, akaipita tena. Ilikuwa siku ya tatu anaiona palepale. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini mwenye gesti anaanika mito mchana kutwa siku tatu mfululizo. Lakini tamaa, jamani, haina muda wa maswali.

Udaktari wenyewe alijipa. Aliingia nyumba za watu na kipimo kimoja: anaukunja mto wako katikati, anauachia. Ukifunguka, mzima. Ukibaki umejikunja, umekufa, pole sana, na wewe miaka yote unalaza kichwa juu ya marehemu. Alichonyamazia ni kwamba hicho ni kipimo cha sponji. Mto wa sufi haufunguki hata ukiwa wa juzi. Uanike juani na uupige makofi mawili matatu, unafufuka. Basi mito mizuri yote ya mjini ilifeli. Daktari aliiondoa kwa huruma, akaacha "mipya" aliyoijaza mabaki ya sponji kutoka kwa mafundi magodoro.

Ya zamani aliapa kuichoma siku ileile. Akaichome wapi! Ilikwenda chumbani kwake, ikavishwa foronya mpya, ikafika thelathini. Hoteli moja ilitaka arobaini. Foronya hizo alizinunua kwa kuuza cherehani ya mkewe, na mke alishasema kwa upole wa kutisha kwamba biashara hii ikiharibika, yeye anarudi kwao.

Kwa hiyo alibisha hodi. Mwenye gesti, mama mjane mwenye sauti ya maombolezo, alishuhudia mito yake kumi ikifeli mtihani mmoja baada ya mwingine. Alisita. Akasema marehemu mumewe aliilalia. Akafuta chozi. Daktari akampa mipya kumi bure, akaongeza na pesa ya pole.

"Lakini utaichoma kweli, mwanangu?" aliuliza yule mama.

"Leo leo, mama. Afya haina mchezo."

Wiki mbili baadaye alishusha mito arobaini stoo ya hoteli. Mtunza stoo, mzee asiye na maneno mengi, alichukua mmoja, akaupitisha ukucha kwenye mshono. Kunguni watatu wakatoka, wamenona. Akachukua mwingine, hali ileile. Wa tatu hakuugusa, alimwonyesha Daktari geti.

Nyumbani, mkewe alikuwa anajikuna shingo. Alisikiliza habari yote amesimama. Mito yote arobaini ikachomwa nyuma ya nyumba, safari hii kweli, chumba kikapigwa dawa na kufungwa siku tatu, na mke akaondoka na begi lake. Ilimuuma Daktari kuliko kunguni wote.

Jioni alikwenda gesti na hasira zake.

"Mama, ile mito ilikuwa na kunguni."

"Najua, baba," alisema yule mama, akiendelea kupanga funguo. "Wageni walikuwa wananikimbia. Jua siku tatu halikusaidia kitu. Uliposema utaichoma siku ileile, nilikuombea dua." Akainua macho. "Kwani hukuichoma?"

Daktari akauliza kama kuna chumba, maana chake bado kilikuwa kimefungwa.

Kilikuwepo, tena kisafi, kimepigwa dawa juzi, malipo kabla ya kuingia. Kitandani kulikuwa na mto mpya. Alipolaza kichwa, bonge la sponji likamkaa nyuma ya sikio. Akaugeuza, likamfuata.

Asubuhi yule mama alimuuliza amelalaje. Daktari alijibu salama tu, akimtazama kwa jicho moja, maana shingo ilikuwa imegoma kugeuka.