Mhispania Wangu wa Unyanyembe

Jumatano, Julai 9, 2025

Katekista Renatus amepita kwenye kibanda changu cha baiskeli na tangazo. Jumamosi anakuja Bi Pilar, mwalimu mstaafu kutoka Hispania. Anaandika kitabu kuhusu jina la Xavery: lilivyoanzia kwenye ngome moja huko Navarra, likapanda meli hadi Goa, likatapakaa duniani mpaka kwetu Tabora. Atachagua mzee mmoja mwenye jina hilo na historia ya kweli, aende Hispania Desemba kwenye sikukuu ya jina.

Mimi ni Dionis Xavery. Miaka hamsini na sita, sijawahi kuvuka Dodoma. Naitaka safari hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Tatizo liko ng'ambo ya barabara. Fundi cherehani, Mathias Xavery. Si ndugu yangu. Jina kalipata wapi? Nimemuuliza Renatus kama na yeye kapelekewa tangazo. Kasema kila mwenye jina hilo kapelekewa. Mbona alitazama pembeni aliposema?

Alhamisi, Julai 10

Mathias amenisalimia mara mbili kabla ya saa nne. Mtu mwenye nia njema husalimia mara moja.

Nimejitazama kwenye kioo. Pua hii si ya hapa. Basi nimeelewa yote: Mhispania mmoja alikuja na misafara ya pembe za ndovu, akafika Unyanyembe, hapa hapa Tabora, akaoa. Nimemwita Don Diego. Nimechana karatasi kwenye daftari, nikaandika mti wa ukoo tangu Don Diego, mwaka 1858, hadi kwangu. Chini nimemtilia sahihi yake, yenye mikia mingi. Kisha nikaichovya kwenye chai ya rangi na kuianika, izeeke.

Mke wangu Theodora ameuliza kwa nini chai ya nyumba nzima inanyweshwa karatasi. Nikamwambia ni mambo ya ukoo. Akauliza kama pua hiyo si ya marehemu mama yangu, aliyezaliwa Igunga. Nani kamtuma?

Ijumaa, Julai 11

Balaa limeshuka na treni kutoka Kigwa. Shangazi Consolatha, dada wa marehemu baba, miaka themanini na mbili. Naye kasikia tangazo. Anakumbuka kila kitu na hanyamazi. Sijamaliza kusema shikamoo, kaanza habari za babu yake Luhende aliyekuwa mpagazi. Mpagazi! Na Don Diego wangu nimpeleke wapi?

Nimemwambia kwamba binamu Bertila wa Sikonge yuko hoi kitandani, anamtaja yeye tu. Shangazi akalia. Moyo uliniuma, sitaficha. Nikampandisha basi hata hivyo. Mathias akambebea mkoba mpaka stendi, wala hakuombwa. Niliupekua mkoba kabla haujaingia ndani ya basi. Khanga mbili na rozari.

Jumamosi, Julai 12

Ukumbi wa parokia. Bi Pilar ni mama mfupi mwenye mvi, anasema Kiswahili cha Kigoma, kumbe alifundisha huko miaka mingi. Nikamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Akaigeuza, akainusa. Akauliza kwa upole kama mwaka 1858 madaftari yenye mstari mwekundu wa pambizo yalikuwa yameshafika Tabora. Nikamjibu kwamba Tabora ilikuwa mbele sana. Akaandika kitu.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi. Nyuma yake Bertila, mzima kabisa, na ndoo ya asali. Wamerudi na basi la asubuhi. Nani kamwambia Bertila awe mzima wiki hii?

Shangazi hakunitazama. Alisema Luhende alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo mara tatu, kwa miguu, na alizikwa na sugu begani. Mwanawe, yaani babu yangu, alibatizwa Kigwa tarehe tatu Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Xavery. Walikuwa wanaume arobaini na wawili kwenye foleni. Padri alikuwa na homa, akawapa wote jina la mtakatifu wa siku. Waliingia kanisani kila mtu na jina lake, wakatoka wote Xavery. Babu yake Mathias alisimama nyuma ya babu yangu. Kisha Shangazi akawataja wote arobaini na wawili kwa majina yao ya zamani, mmoja mmoja, kwa sababu baba yake alimkaririsha ili wasipotee.

Bi Pilar alivua miwani akafuta macho. Alisema amelifuata jina hilo miaka kumi, nchi tisa, na hakuna aliyewahi kumtajia majina yaliyokuwepo kabla yake. Mimi nilikuwa natazama ndoo ya asali.

Jumatatu, Julai 14

Shangazi kachaguliwa. Renatus anasema ataruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza, atamtaja mwenyewe kabla ya Alhamisi jioni. Kwangu Shangazi hakulala. Kafikia kwa Mathias.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikafika mlangoni, nikasikia wanacheka. Wananicheka mimi. Nikageuza.

Jumatano, Julai 16

Mathias amevuka barabara na bahasha. Eti imetoka kwa Shangazi. Eti niandike majina yangu kamili, tarehe ya kuzaliwa, nitie sahihi, nirudishe kabla ya kesho jioni. Huku anatabasamu.

Mimi si mtoto. Wanataka sahihi yangu waifananishe na ya Don Diego!

Sikuifungua. Nimeitumia kufutia cheni ya baiskeli ya Mzee Mustafa, iliyokuwa imejaa matope ya Uyui.

Jumapili, Julai 20

Limetangazwa baada ya misa. Wanaokwenda Hispania ni Shangazi Consolatha na Mathias Xavery. Renatus akaongeza kwamba mtu aliyetakiwa kwanza aliandikiwa, hakujibu. Nikamnong'oneza Theodora: ni mpumbavu gani huyo? Alinitazama mpaka wimbo ukaisha.

Iliniuma. Nimekaa kibandani mchana kutwa nikizungusha gurudumu lisilo na ubovu.

Saa kumi Theodora kaja na bahasha nyingine. Anasema Mathias amekataa kwenda. Kamwambia Shangazi kwamba haki ni ya mtoto wa kaka yake, na Shangazi kasema yamekwisha, niandike jina tu, bahasha ichukuliwe kesho saa mbili asubuhi. Theodora alikuwa na machozi. Akaniomba niifungue mbele yake.

Mathias, akatae? Na machozi yanatoka wapi ghafla? Wamempata hata mke wangu.

Nimemwambia nitaifungua baadaye. Baiskeli ya Renatus ina grisi nyingi kwenye pedeli, na bahasha hii ni ya karatasi nzito. Inafuta vizuri kuliko ile ya kwanza.