Masomo ya Adabu kwa Simu

Jumatatu, 3 Juni
Zege tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena. Jioni fundi rangi, tunayekaa naye chumba kimoja, akampigia binti yake, sauti kubwa makusudi. Mtoto akamwamkia, akampa pole ya kazi, akauliza kama baba amekula. Miaka minne! Nikampigia wangu, miaka minne vilevile. Akauliza wewe nani, akasema anakula, akakata. Aibu! Jumapili naenda nyumbani, mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu. Lazima anipokee mlangoni kwa adabu zote.

Jumanne, 4 Juni
Somo la kwanza. Mgeni haulizwi wewe nani. Anaamkiwa, anapewa pole ya safari, anapewa kiti. Kaitikia. Kisha akauliza kama tingatinga la kazini kwetu huenda chooni.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu amekuja juu. Mtoto kamkaribisha muuza mkaa mpaka sebuleni! Somo la pili, haraka: mama akiwa hayupo, mgeni anasubiri nje. Zawadi ya mtu usiyemjua unaikataa kwa upole. Mke wangu kanisifu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi rangi ananiambia niache masomo, nipige soga tu na mwanangu. Wivu huo!

Jumapili, 9 Juni
Nimepiga hodi. Mama mtu kaenda bombani. Mlango ukafunguka kidogo. Amerefuka! Akaniamkia vizuri kabisa, akanipa pole ya safari, akanitolea kigoda nje. Nikampa mwanasesere. Akasema asante, hapana. Nikamwambia mimi ndiye baba. Akanieleza, kwa heshima zote, kwamba baba yake anakaa kwenye simu. Nikakaa kwenye kigoda, yeye kizingitini, ananilinda. Mke wangu alipofika na ndoo nilisingizia vumbi la macho. Mtoto akanipa pole ya vumbi.

Jumapili, 16 Juni
Likizo imeisha. Wiki nzima amelala kwenye mkono wangu, mwanasesere kati yetu. Leo kituoni, vituko! Amenikumbatia mguu, amepiga mayowe, amemwambia dereva aende zake na basi lake bovu. Kuniaga amekataa katakata. Abiria wote wanatazama. Nami nikashindwa kupanda, basi la kwanza likaniacha.

Kosa ni langu, sikumfundisha kuaga. Kesho jioni nampigia. Somo la tatu.