Seva Imekataa Kututambua

Kamati ya Malalamiko ya Wananchi,
Kijiji cha Ng'wabalengi,
Kharumwa.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Mgodi wa Mwamba Mwekundu.

YAH: KOMPYUTA YA MALALAMIKO KUSHINDWA KULALAMIKA

Ndugu Mkuu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba. Mimi ni Januari Marcel, katibu wa kamati iliyotajwa hapo juu. Barua hii inakujia ndani ya tenga la nyanya la Bi. Mwahija, ambaye walinzi wenu humruhusu kupita kwa sababu mnakula.

Mgodi unapolipua miamba, nyumba zetu hutikisika. Ukuta wa Mama Ritha ulipasuka kiasi kwamba kuku alikuwa anapita bila kuinama. Ninyi, kwa wema wenu, mkatuletea kompyuta ya mezani na kutangaza kuwa malalamiko yatapokelewa kwa barua pepe tu. Tulipiga makofi. Tukaifunika kitambaa cha kufuma. Tangu hapo, kila nikibonyeza "Tuma", inajibu: "Imeshindikana kuunganishwa na seva." Kwa hiyo tunalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba nilipiga simu kwenye kitengo chako, akapokea Bwana Davis, mtu mwenye adabu sana. Akasema, "Mzee, tatizo la barua pepe linaripotiwa kwa barua pepe." Nikamweleza kuwa barua pepe ndiyo mgonjwa mwenyewe. Akasema, "Nimekuelewa kabisa. Sasa yaandike hayo hayo kwenye barua pepe."

2. Kwamba nilipombembeleza, alikubali kunielekeza. Akasema intaneti yetu haina shida, ila huenda poti imeandikwa vibaya. Mwenyekiti wetu, Mzee Bujiku, alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu.

"Poti ndiyo nini?" akauliza.

"Ni kama bandari, mzee. Barua zote zinapitia hapo."

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema Mzee Bujiku, "hapa hata ng'ombe wanagombania lambo. Bandari tutaichimba wapi?"

Hata hivyo tulibadilisha namba ya poti kama tulivyoelekezwa. Kompyuta ikasema muda wa kusubiri umekwisha. Tunauliza: muda wa nani? Sisi bado tunasubiri.

3. Kwamba baada ya hapo ilituomba nenosiri. Tukaandika lile lile mlilotupa, herufi kwa herufi, mwenyekiti akinisomea kwa sauti. Ikajibu: "Mtumiaji hatambuliki." Hili, Ndugu Mkuu, limetuuma. Babu zetu wamezikwa pale mlipoweka mtambo wa kusaga mawe, halafu kifaa kilichoingia kijijini juzi kwa pikapu kinatuambia hakitufahamu.

4. Kwamba nilikuja getini kwenu kwa miguu na barua ya karatasi. Mlinzi aliigeuzageuza bahasha akanirudishia. "Karatasi hatupokei siku hizi," akasema. "Tunatunza mazingira." Nyuma yake kulikuwa na shimo lenu, ambalo mtu akisimama ukingoni haoni chini.

5. Kwamba nikiwa njiani kurudi mlilipua tena, na ukuta wa Mama Ritha ukalala chini wote. Mwenyewe alikuwa kisimani, ndiyo maana bado tunaye. Alikuja ofisini ameshika tofali. Hakupiga kelele. Aliliweka juu ya kompyuta, juu ya kile kitambaa, akaniambia, "Haya katibu, tuma hili." Nilitafuta mahali pa kuambatanisha tofali, sikupaona. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kutokana na hayo, tunaomba mtutumie fundi atuunganishe na seva. Ikishindikana, seva yenyewe ihamie kijijini, tutaitafutia chumba. Na hilo nalo likishindikana, tunaomba baruti zenu ziwe zinadai nenosiri kabla ya kulipuka, na ziwe zimeunganishwa na seva hiyo hiyo. Tunaamini tutapata usingizi.

Nisalimie Bwana Davis na adabu zake, mlinzi wa getini pamoja na mazingira anayoyatunza, na wapishi watakaoikuta barua hii kabla yako. Wabeja, asanteni sana.

Ni mimi nisiyetambulika,
Januari Marcel,
Katibu.

Nyongeza: Bi. Mwahija akiwa anafunga tenga, kompyuta imelia na barua zimeingia zote kwa mpigo. Ya juu kabisa inatoka mgodini. Inasema kijiji chetu kimeongoza ukanda mzima kwa kutokuwa na lalamiko hata moja, na katibu anaalikwa Mwanza, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, kupokea tuzo ya ujirani mwema na kutoa hotuba fupi. Hivyo naomba, kwa heshima ile ile, fundi asije kwanza mpaka sherehe ipite. Na kama yupo mtu huko anayeweza kuikata seva leo, aikate haraka, maana Mama Ritha ameshavuta kiti mbele ya kompyuta na Mzee Bujiku anamwonyesha pa kubonyeza "Tuma".