Maneno ya Mwisho ya Barnabas Pell, Yaliyotiwa Chumvi Kidogo

Jumatatu, 7 Machi 1763

Mvua tangu asubuhi. Nimekwenda gerezani kumwona Barnabas Pell, mnyang'anyi wa magari ya farasi, anayenyongwa keshokutwa. Nimemwomba kwa adabu anipe maneno yake ya mwisho niyapige chapa. Kanijibu kwamba kichwa kinamuuma na niondoke na harufu yangu. Maneno ya mwisho gani hayo? Hayajazi hata nusu ukurasa.

Si kitu. Hakuna muuza vitabu London anayengoja mtu afe ndipo amwandikie maneno ya mwisho. Kijitabu lazima kiwe mikononi mwa wachuuzi kabla mkokoteni haujafika kwenye kitanzi, maana watu hununua wakiwa bado wanamtazama mwenyewe. Atakayoyasema pale juu ni shauri lake. Kwa kelele zile nani atamsikia?

Bi. Tabitha Crouch, yule mjane mwenye duka mkabala na langu, keshabandika tangazo mlangoni: Toba ya Pell, pamoja na Sala Mbili. Sala! Langu ni refu zaidi: Maneno ya Mwisho ya Barnabas Pell, kama Yalivyotoka Kinywani Mwake.

Lakini mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Nimetia chumvi. Nimempa Pell mwenzake wa siri aliyekuwa akimuuzia mali ya wizi: mshona nguo wa ng'ambo ya mto, jicho moja, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Mtu kama huyo hayupo London nzima. Ndiyo raha ya kutunga.

Jumatano, 9 Machi

Pell kanyongwa. Vijitabu vyangu vilikwisha kabla hata hajafikishwa. Bi. Crouch amerudi na kapu limejaa sala, zimelowa chapachapa.

Nilipita mlangoni kwake kwa maringo, kadiri mguu wangu wa kushoto, huu unaochechemea, unavyoniruhusu. Akapaza sauti watu wasikie. "Gudge, bwana, hilo koti la haradali hata mwizi hataliiba. Ataonekana kutoka ng'ambo ya mto!" Wivu tu. Koti la rangi hii mtaani petu ninalo mimi peke yangu, na tumbo la kulijaza ninalo.

Jumamosi, 12 Machi

Habari za kuudhi. Yupo bwana mmoja, Jethro Spurling, kazi yake kukamata wahalifu ili apate zawadi ya serikali wakinyongwa. Alinunua kijitabu changu, akavuka mto, akaingia duka moja baada ya jingine. Kampata mshona nguo mwenye jicho moja asiye na kidole. Yupo! Anaitwa Amos Fennimore. Hivi sasa yuko gerezani, na Spurling kanipiga bega na kuniita mwenzake kazini.

Fennimore sijapata kumwona maishani mwangu. Nani angedhani Mungu ameumba mtu wa namna hiyo, kisha akamkalisha palepale nilipomweka mimi?

Mpango: Toleo la Pili, Lililosahihishwa. Jicho bovu nimelihamishia upande wa pili, na mshona nguo nimemgeuza kinyozi. Mambo yatanyooka yenyewe. Tozer, mpiga chapa wangu, kaniuliza kama si rahisi zaidi kwenda kwa hakimu na kusema nilitunga. Nimemwambia apange herufi.

Jumanne, 15 Machi

Toleo la pili limeuzwa vizuri. Spurling naye kalisoma, na sasa anatafuta kinyozi pia.

Leo mkewe Fennimore kaja dukani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alikuja na kijitabu changu, kidole kimebana mstari wenyewe. Kaniambia mumewe alibanwa na mlango utotoni, kidole kikakatwa, na kwamba huku kwetu hajafika miaka mingi kwa sababu anaogopa mashua na daraja vilevile. Huyo Pell alijuana naye wapi? Nikamjibu kwamba mimi ni mwandishi tu wa aliyoyasema marehemu.

"Basi nitazame usoni uyaseme tena."

Nilikuwa na vitabu vya kupanga rafuni, nikavipanga.

"Kesi ni Ijumaa," akasema. "Njoo, baba. Neno moja tu, mume wangu anarudi nyumbani."

Kaniita baba, na umri wake ni sawa na wangu. Nimeona haya. Nimemwahidi nitasema kweli. Pai yangu ya samaki mkunga sikuimaliza.

Ijumaa, 18 Machi

Nilikwenda mahakamani nimepiga moyo konde. Sentensi yenyewe nilikuwa nayo tayari: Mheshimiwa, niliyatunga. Fupi, safi, hata Tozer aliisifu.

Naingia, namwona Bi. Crouch benchi la mbele, penseli mkononi, karatasi magotini. Kawaambia majirani wote kwamba leo Gudge atakula matapishi yake mbele ya watu, na kijitabu juu ya uongo wangu keshakipa kichwa na picha. Picha yangu mimi, nina masikio ya punda.

Hakimu akaniuliza kama maneno yale ni ya Pell kweli. Nikamtazama Fennimore, mtu mdogo, amechana nywele zake vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Nikamtazama Bi. Crouch. Akatabasamu, akailamba penseli.

Nikasema ni ya Pell, neno kwa neno. Nikaapa juu ya Kitabu. Spurling naye akaapa ya kwake. Baraza la wazee wa mahakama halikutoka hata nje kushauriana, likainamiana vichwa palepale. Kunyongwa.

Bi. Crouch aliivunja penseli yake vipande viwili. Nilidhani ningefurahi zaidi. Mkewe Fennimore hakulia. Alikuwa akiikunja shali yake, anaikunjua, anaikunja tena, mpaka bawabu akamwambia, "Mama, tunafunga."

Jumapili, 20 Machi

Kanisani. Mahubiri yalikuwa juu ya shahidi wa uongo. Nilijitia kusinzia.

Nimekusudia kwenda kesho kwa hakimu kukana kiapo changu. Halafu nikakumbuka wanaoapa uongo hufungwa kwenye nguzo sokoni, watu wakawatupia mayai viza, na wengine mawe. Bi. Crouch analenga vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema waliosema. Huu ungekuwa wangu.

Badala yake nimempelekea mkewe Fennimore pai nzima, ya moto. Imerudi imekanyagwa.

Jumanne, 22 Machi

Fennimore ananyongwa kesho. Bi. Crouch keshabandika tangazo, na safari hii ameacha sala. Anajifunza, yule mama.

Nimekwenda gerezani kumwomba Fennimore maneno yake ya mwisho. Alikuwa anashona kifungo cha shati atakalovaa. Hakuinua uso. Kasema nimekwisha kumsemea vya kutosha. Kisha bawabu akafungua mlango, nikatoka.

Basi nimemwandikia mwenyewe. Nimemfanya atubu vizuri sana, mpaka nimelia machozi. Ila nilipoisoma tena nikaona imepooza. Toba tupu ndiyo biashara ya Bi. Crouch. Nikatia chumvi. Nimempa bwana mkubwa, kichwa cha genge zima, asiyejulikana na mtu: mnene, anachechemea mguu wa kushoto, koti la rangi ya haradali, mali ya wizi anaificha nyuma ya rafu za duka lake. Sijui nimemtoa wapi. Kanijia mwenyewe, mzima mzima, kama mtu ninayemfahamu.

Tozer alipanga herufi. Alipomaliza akalitazama koti langu kitambo, akataka ujira wake leo, asingoje Jumamosi. Watu wengine hawana imani.

Spurling kapita na kuomba nakala ya kwanza, wino haujakauka. Nimempa bure, maana ni mwenzangu kazini. Kauliza kama safari hii nimetunga au ni kweli. Nimemwambia asimalize viatu vyake bure kumtafuta, mtu kama huyo hayupo London nzima.