Vita vya Chai ya Moto

Jongeeni, enyi wenye masikio, sogezeni viti na zimeni simu, niwasimulie habari za Daktari wa Chumba cha Mwisho, simba jike wa hospitali ya umma, msikiliza mapafu, mshinda homa, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kunywa chai ikiwa ya moto. Mumewe, daktari vilevile, alitumikia hospitali binafsi yenye mazulia na viti vinavyozunguka. Asubuhi hiyo alimwambia, "Mama watoto, njoo kwetu. Nafasi ipo, ila wanataka jibu leo."

Naye akaapa mbele ya muuguzi wake: "Dada, nikinywa chai ya baridi leo tena, naondoka!"

Muuguzi akakimbilia birika, maana daktari mwingine aliyewahi kuondoka hajapatiwa mrithi hadi leo. Akachemsha maji, akamimina, mvuke ukapaa kwa fahari. Mara mlango ukagongwa. Kikaingia kikohozi. Kikohozi kikatoka, ukaingia mguu uliovimba. Mguu ukatoka, akaletwa mtoto aliyejisokomeza harage puani. Chai ikapoa, ikaota utando. Ikamiminwa nyingine, nayo ikaanguka vitani.

Ndipo alipoinuka Bibi wa Magoti, ambaye zamu ilikuwa yake, aliyeingojea tangu alfajiri, na aliyekisikia kiapo kupitia mlangoni. Badala ya kuingia, akaupa mlango mgongo, akainua mkongojo, akalihutubia benchi la wagonjwa.

"Wanangu! Nani kati yenu anakufa sasa hivi?"

Benchi likatazamana.

"Basi kaeni! Daktari wetu anakunywa chai. Akienda zake, mtamkoholea nani?"

Kuanzia hapo waliokohoa walikohoa kwa adabu.

Ndani, shujaa akanyanyua kikombe cha tatu kwa mikono miwili, akapiga funda kubwa.

"Mama yangu wee!"

"Nini tena, Daktari?"

"Nimeungua!" alilia, machozi ya furaha yakimtiririka. "Dada, nimeungua ulimi!"

Benchi likashangilia hadi dari ikatikisika. Daktari akampigia mumewe simu.

"Baba watoto, siji. Nimeungua ulimi."

Mumewe, ambaye huletewa chai kwenye sinia lakini huitwa kabla hajaionja, kwa kuwa kwao mteja hasubirishwi, akakitazama kikombe chake kilichopoa.

"Imebaki?" akauliza.

"Imebaki. Lakini uje na kikombe chako."

Basi na iandikwe, vizazi visome: siku ile ile, foleni ya hospitali ya umma iliongezeka mtu mmoja, mwenye koti jeupe na kikombe mkononi, na Bibi wa Magoti akamwambia akae nyuma ya wenzake.