Kiti Kipya na Mfungo wa Maneno

Jumatatu, 4 Machi

Kiti kimefika! Seremala alinizungusha miezi mitatu, leo asubuhi kakileta mwenyewe begani. Cha kuegemea, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Nimekiweka barazani. Sijakikalia dakika tano, mke wangu akanikumbusha kwamba Jumamosi kuna kikao cha harusi ya mdogo wake, kwa mama mkwe, asubuhi hadi jioni. Kikao cha tano! Vinne vilivyopita tulijadili rangi ya vitambaa vya meza, na bado hatujaelewana. Wiki nzima nainamia saa mbovu za watu, shingo imepinda kama ndoana. Jumamosi hii ni yangu na kiti. Nimeapa.

Mchana fundi simu, jirani yangu pale kazini, alinionyesha watu mitandaoni wanaofunga maneno. Siku saba bila kusema hata neno, eti akili inatakata. Nimecheka sana. Halafu nikaacha kucheka.

Nani atamwalika kikaoni mtu asiyesema?

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Nimejivika kipande cha boksi shingoni: NIMEFUNGA MANENO, SIKU SABA. Mke wangu kakisoma, kakirudia, kaniuliza kama nimefunga na chakula. Nikatikisa kichwa upesi sana. Kaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia kabla sijaendelea. Nikaonyesha boksi kwa kidole.

Kazini, mwalimu mstaafu kaleta saa ya ukutani. Kanisimulia goti lake lote, tangu lilipoanza kuuma. Kwa kawaida ningemkatiza. Leo sikuwa na la kumkatizia.

Jumatano, 6 Machi

Habari imeenea. Watu wanakuja bila saa! Mshona viatu kaja kulia kuhusu kaka yake. Mama wa duka la vitambaa kanieleza siri ambayo hata humu siiandiki. Kumbe asiyesema ni pipa, kila mtu anamwaga. Nimetengeneza saa moja tu kutwa nzima.

Lakini lazima niseme ukweli: nimejisikia mtu. Wameniita Mtulivu. Fundi simu hakuvumilia. Mchana naye kajitundikia bango, tena la kuchapwa kwa rangi: SIKU TISA. Tisa! Debe tupu lile litaweza wapi?

Alhamisi, 7 Machi

Msiba.

Mama mkwe kapiga simu. Mke wangu kaja nayo mpaka kazini, kaniwekea sikioni. Mama kasema amefurahi kusikia mkwe wake amekuwa mtu wa utulivu, na kikao kinahitaji utulivu, maana cha mwisho nusura watu wapigane. Basi kikao kihamie kwangu. Kama nina kipingamizi niseme. Akangoja.

Nikafungua mdomo. Mke wangu ananitazama, kama ananiombea nitamke. Nyuma yake fundi simu kasimama na bango lake, anatabasamu, anangoja nishindwe siku ya tatu.

Nikafunga mdomo.

Mama kasema vizuri, aliyenyamaza amekubali. Watakuja watu thelathini na nne.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwandikia mama mkwe barua. Nimesema nyumba ni ndogo, viti hakuna. Shemeji kaipeleka. Jibu limerudi kabla sijamaliza chai: wasiwasi wangu kuhusu wageni umewagusa sana, watakuja na viti vyao na turubai.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeshinda nikifagia ua.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe alifika wa kwanza. Akatazama baraza yote, akachagua kiti changu. Akakaa. Hakuinuka mpaka jioni, na kila baada ya muda alikuwa akikisifu.

Walibishania vitambaa saa tatu nzima. Mjomba akasema tatizo ni kwamba kila mtu ni msemaji, tunataka mwenyekiti anayesikiliza. Macho yote kwangu. Nikapunga mikono yote miwili kukataa. Wakadhani nawasalimia, wakapiga makofi. Kwa hiyo mimi ndiye mwenyekiti, na vikao ni hapa kwangu kila Jumamosi mpaka harusi. Zimebaki Jumamosi kumi na moja.

Fundi simu naye alikuja, sijui kaalikwa na nani. Anaongea kama redio. Mfungo kauacha Alhamisi ileile jioni, eti alichoka. Yaani mtu anaacha tu, na hakuna anayemcheka!

Walipoondoka, mke wangu alikaa kizingitini na rundo la vikombe. Kwa sauti ya chini kanieleza kwamba hata yeye hivi vikao vimemfika hapa, akashika shingo. Tangu Jumanne alikuwa anangoja nimwambie tu kwamba nimechoka, sitaki kwenda. Angempigia mama yake, tungebaki wote wawili nyumbani. Alishafikiria hata pa kuweka kiti chake, pembeni ya changu.

Niliumia. Nikasema: "Kumbe?" Neno langu la kwanza tangu Jumanne. Kanijibu nimalizie siku zangu, akaingia ndani na vikombe. Nilibaki barazani peke yangu, nimesimama.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona waziwazi: nilifunga kiungo kisicho chenyewe! Mdomo haukuwa na hatia. Balaa lote liliingilia masikioni. Ningekuwa sisikii, mama mkwe angeniuliza nini?

Fundi simu anasema wapo watu huko mitandaoni wameshahamia mfungo wa masikio. Siku kumi. Nimenunua pamba, nimeshindilia barabara. Raha iliyoje! Naandika haya nikiwa kitini, nimeegemea, dunia imenyamaza.

Mke wangu yuko mlangoni, simu mkononi. Ananiuliza kitu, anaonyesha ua wetu, kisha njia ya kwenda kwa mama yake, anatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. Sijui ni nini. Namtazama midomo, sipati kitu.

Nimetikisa kichwa kukataa, kwa upole, kama mtu mtulivu. Kanitazama kidogo, kamwambia mama yake neno moja, kakata simu.